Dumu la Kupimia

Mtaani Gerezani, kwenye maduka ya spea, walimtania Filbert kwamba siku Izraili atakapomjia, atamuuliza kwanza bei ya mwisho ni ngapi. Hakukasirika. Ni kweli hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza tangu aliposhuka kwenye basi la Nachingwea, miaka ishirini nyuma, akiwa na begi la zipu mbovu na anwani ya mjomba ambaye alikuwa ameshahama.

Sokoni Mchikichini aliuza viatu vya mitumba miaka minne. Huko alijifunza kwamba belo likifunguliwa usikimbilie kiatu kinachong'aa, geuza utazame soli. Akahamia Gerezani, akawa dalali wa spea: anamdaka mteja anayetafuta shokapu, anamzungusha maduka matatu, na duka la tatu linampa yeye chochote cha udalali. Magari ya gesi yalipozidi mjini na foleni za kujaza zikaanza kumwagikia barabarani, Filbert aliitazama foleni ile kama alivyozoea kutazama soli. Akaona kuna kazi pale. Akajifunza kwa fundi mmoja, majuma sita, mtu mzima wa miaka thelathini na sita anayeshikishwa tochi. Alipotoka alikuwa na laptopu ya mitumba, waya wa kuiunganisha na gari, na nafasi kwenye gereji ya Polycarp, nyuma ya maduka ya spea.

Kufunga mtungi kwenye buti kila fundi aliweza. Kupima ndiko kulikokuwa na wenyewe.

Mteja akimuuliza kupima ni nini, Filbert alimjibu kwa wali. Kila mchele una maji yake. Upikie basmati kwa maji ya mchele wa Kyela, utakula uji. Injini nayo hivyohivyo: petroli kilo moja inataka hewa kilo kumi na nne na ushee, gesi kilo moja inataka kilo kumi na saba. Na ndani ya gari yupo mpishi, naye ni kompyuta iliyokuja na gari kutoka Japani. Anapika, halafu ananusa moshi kwa kile kidude kilichochomekwa kwenye eksozi. Akinusa hewa imezidi, anaongeza mafuta. Akinusa mafuta yamezidi, anapunguza. Sasa ukifunga gesi unaleta mpishi wa pili, kompyuta ndogo, isiyo na pua. Huyu anamtazama mwenzake tu. Wa petroli akisema fungua nozo ya mafuta kiasi hiki, wa gesi anazidisha kwa hesabu aliyopewa na fundi. Hesabu hiyo ndiyo kazi ya fundi. Gari linawashwa kwa petroli kwanza, fundi anaandika namba; linageuzwa gesi, anacheza na hesabu mpaka namba zirudi zilezile.

"Zikilingana, nenda kale barabara," alikuwa akisema, halafu anatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ya mkewe Klara, na kuweka nukta moja kwenye kila tundu alilotoboa kwenye bomba la hewa la injini kupitisha gesi. Matundu manne, nukta nne. Ilikuwa sahihi yake. Ikafika mahali wateja wanafungua boneti mbele ya wenzao: "Hii mkono wa Filbert, cheki nyekundu."

Shida ilikuwa moja, na wote Gerezani waliijua. Mtu anayekuja kufunga gesi haji na petroli. Ajaze ya nini, wakati anaikimbia? Anakuja taa inawaka, gari linanusa harufu tu, na wengine wanasukumwa kuanzia barabarani. Ukimwambia aende sheli akaongeze, anakuona mwizi mwenzake na wenye sheli. Kwa hiyo kila fundi wa kupima alikuwa na dumu lake. Lita mbili za dumu kwenye tangi, pima, mteja aende zake.

Aliyemletea Filbert dumu aliitwa Mrisho. Alikuja na baiskeli, madumu matatu nyuma yamefungwa kwa mpira. Filbert hakumuuliza anayatoa wapi, maana kuuliza ni kupandisha bei. Machi ya mwaka jana walivutana nusu saa nzima.

"Kaka Filbert, kwa bei hiyo unataka nikuletee maji," Mrisho alisema.

"Maji nina bomba. Wewe niletee yanayowaka, basi."

"Yanayowaka tu?"

"Yanayowaka tu. Ni ya kupimia, siyo ya kwendea Morogoro."

Mrisho akacheka, akakubali. Filbert aliingia nyumbani siku hiyo akamsimulia Klara alivyomnyoosha yule mtu mpaka akamwonea huruma.

Zena alirudi Februari, Jumatatu asubuhi, na gari lake la IST, la rangi ya fedha, likitetemeka kama mtu wa homa. Zena alikuwa binti wa Magomeni, mjane mwenye watoto wawili, dereva wa kuitwa kwa simu. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la baba yake, Mzee Hashimu, aliyebeba mizigo bandarini miaka thelathini na moja, na kiinua mgongo chake chote kilisimama pale juu ya magurudumu manne. Nyumba ya watu saba ilikula kwa gari lile. Filbert ndiye aliyelifunga gesi, mwezi wa Mei mwaka jana.

"Mambo, fundi."

"Poa, dada Zena. Limefanyaje?"

"Limenizimikia Mnazi Mmoja, kwenye taa, abiria ndani. Kashuka, kanipa nyota moja." Alifunga mlango kwa nguvu. "Nyota moja, kaka Filbert. Kama nimemtukania mama yake."

"Gesi au petroli?"

"Kote. Gesi ndiyo mbaya zaidi. Juzi foleni ya gesi ilikuwa ndefu nikajaza petroli sheli, tangi zima. Kwenye petroli linatetemeka. Nikirudisha gesi, likipanda daraja na abiria wanne na AC, linakuwa kama limeshikwa shati kwa nyuma."

Filbert alichomeka waya. Kwenye petroli, mpishi hakulalamika sana. Akageuza gesi. Namba zikaruka, mpishi akawa anataka aongezewe robo nzima ya chakula. Gesi ilikuwa kidogo mno. Hewa nyingi, gesi haba: moto wa namna hiyo unachelewa kuisha, unatoka mlangoni ukiwa bado unawaka, na mlangoni kuna valvu inayoungua.

"Limechezewa mahali?" aliuliza. "Kuna fundi mwingine kagusa?"

"Nani aguse? Nukta zako hizo hapo."

Ndipo alipofungua faili la gari lile. Kila gari alilopima alilihifadhi kwa namba yake ya usajili. Hiyo nidhamu alikuwa nayo. Akasoma namba za Mei. Injini ile ikiunguruma gari limesimama, kwenye petroli, nozo zinapaswa kufunguka milisekunde mbili nukta sita hivi. Faili lilisema tatu nukta moja. Alikumbuka kuiona siku ile. Alikumbuka na alichowaza: injini ya zamani, imechoka, ndivyo ilivyo.

Akafungua faili la IST nyingine, ya Aprili. Tatu nukta moja. Nyingine ya Juni, tatu kamili. Ya Septemba, tatu nukta mbili. Akarudi nyuma mpaka Februari ya mwaka jana. Mbili nukta sita. Januari, mbili nukta sita, mbili nukta saba.

Injini zote za mji haziwezi kuchoka mwezi mmoja.

"Kuna nini?" Zena aliuliza.

"Subiri kidogo, dada."

Alikwenda kwenye kona, akafungua dumu, akadondosha matone juu ya karatasi nyeupe, akaiweka juani juu ya boneti. Petroli ya kweli inaruka, karatasi inabaki kavu kama haikuguswa. Ile ilikauka ikaacha doa la mafuta lenye ukubwa wa sarafu. Akalinusa. Harufu ya jiko la mchina, la mtu anayechemsha maharage uani. Mafuta ya taa, na si kidogo.

Akasimama pale ameshika karatasi. Hakuhitaji kuambiwa. Petroli iliyochakachuliwa haiungui vizuri, mpishi ananusa hewa iliyobaki kwenye moshi, anadhani mafuta ni machache, anaongeza, anaongeza. Ile tatu nukta moja haikuwa kipimo cha injini. Ilikuwa kilio cha kompyuta iliyolishwa uchafu. Na yeye alikaa mbele ya laptopu, gari baada ya gari, akiipunguzia gesi mpaka kilio kile kisikike vilevile, kisha anaweka nukta nyekundu.

Alimpigia Mrisho hapohapo.

"Mrisho, mafuta gani unaniletea?"

"Yanayowaka, kaka." Kulikuwa na kelele za barabara nyuma yake. "Si ndivyo ulivyosema? Kwani hayawaki?"

Filbert alikata simu. Wangekuwa wanauziana viatu, Mrisho angehesabika ndiye aliyeshinda.

Alitoa plagi, akapima mgandamizo. Silinda tatu zilifika mia na sabini. Ya pili ilisimama kwenye sitini na haikusogea tena. Siku ya pili wakafungua kichwa cha injini. Valvu za moshi za silinda ya pili zilikuwa zimeliwa pembeni kama kaki iliyogugunwa na panya, na kati ya sehemu zinapokalia palikuwa na ufa. Fundi wa kuchonga, mtaa wa pili, alipitisha kidole juu ya ule ufa mara moja tu.

"Hiki sichongi. Utanilipa bure, mwezi ujao utanitukana. Tafuta injini."

Siku ya tatu Mzee Hashimu alikuja mwenyewe, kanzu safi, barakashia, fimbo. Akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mtu wa kusini, gesi ni ya kwenu, sivyo?"

"Ya kwetu, mzee. Lindi na Mtwara."

"Mmetuletea gesi yenu mtuunguzie magari yetu." Wengine walicheka. Mzee hakucheka. "Sasa niambie. Ni gesi, ni gari, au ni mtu?"

Filbert alikuwa na majibu matano tayari, yote mazuri, yote ya Gerezani: gari la zamani, oili mbaya, Zena anaendesha vibaya, vituo vya gesi presha ndogo, Wajapani. Mteja gani angebisha? Hakuna pale aliyejua kusoma yale mafaili isipokuwa yeye. Alimtazama Zena, amesimama nyuma ya baba yake na funguo za gari mkononi, gari lisilo na kichwa.

"Ni mtu, mzee," alisema. "Nilipima kwa petroli chafu. Sikujua."

Polycarp, aliyekuwa akila mihogo ofisini, alitoka na mfuko wake mkononi.

"Sikujua," Zena alirudia. "Basi nikiambie hicho chungu jikoni, kitoe mvuke."

"Nitakutafutia injini. Nusu juu yangu."

"Na hiyo nusu nyingine juu ya nani?"

Mzee alimgusa mwanawe kwa fimbo, taratibu. "Mwache akatafute. Mtu akisema ni mimi, mpe siku."

Walipoondoka Polycarp alimfuata mpaka kwenye kiti chake. "Filbert, umelewa? Kwa nini uliseme mbele ya watu?"

"Ni magari sitini na tatu, Polycarp. Nimeyahesabu. Kuanzia Machi."

"Kwa hiyo utawapigia wote sitini na tatu?"

Aliwapigia. Ilimchukua siku mbili, namba zilizoandikwa pembeni ya mafaili. Kumi na wanane hawakupokea, au namba hazikuwepo tena. Wengine walisema watakuja. Mmoja alisema gari ameshaliuza na halimhusu. Mmoja alicheka: "Fundi anayeniita nirudi bure? Wewe unatafuta nini kwangu?" Walikuja kumi na mmoja. Alinunua petroli sheli, akawapima upya kwa fedha yake mwenyewe, na katika hao kumi na mmoja, magari manne yalikuwa na mgandamizo ulioanza kushuka. Aliyarekebishia namba akawaruhusu waende. Namba mpya haioteshi valvu iliyoliwa. Aliwaambia hivyo pia, na wawili wakaomba warudishiwe hela, na mmoja alimsukuma kifuani.

Injini alikwenda kuitafuta kwa Athanas.

Athanas alikuwa wa kwao kusini, wa Masasi, duka la mlango mmoja lililojaa injini zilizooshwa zikasimamishwa kwa safu. Walikuwa wametaniana na kuibiana miaka kumi na mbili.

"Bei ya mwisho kaja!" Athanas alipiga kelele. "Ficheni watoto!"

"Nataka injini ya IST. Na leo nisikie bei ya kiumbe mwenye mama."

"Ninayo moja, mdogo wangu, mbichi. Imeshuka na kontena wiki iliyopita. Japani mpaka hapa haijaguswa hata na kidole."

Filbert alianza kazi. Alizunguka ile injini mara mbili bila kusema neno, akasonya mahali ambapo hapakuwa na kasoro, akaulizia kitu kingine kabisa, akaaga, akarudi. Athanas akashuka. Akashuka tena. Ilikuwa bei ambayo hata Mzee Hashimu angeweza kuimeza, na Filbert akasikia ile furaha yake ya zamani ikimpanda shingoni. Akainama kutazama mara ya mwisho, tochi ya simu mkononi, chini ya bomba la hewa.

Matundu manne, yamezibwa kwa gundi nyeusi. Na kando ya tundu la tatu, mahali ambapo brashi ya muoshaji haikufika, nukta nyekundu.

Akaigusa kwa ukucha.

"Vipi, umependa?" Athanas aliuliza.

"Japani wanapaka kucha?"

Athanas alikuja, akainama naye, akatazama. Akanyanyuka anajifuta mikono, hana haya hata kidogo. "Aa, mwanakwetu. Si unajua biashara. Gari lilikuja limekufa, nikalikata. Injini inawaka ile, nimeiwasha mwenyewe."

"Mgandamizo?"

"Mimi nauza kwa kilo, sipimi mgandamizo. Haya, nakushushia tena."

Akamshushia tena. Filbert alikuwa ameshatoka mlangoni. Bei ilimfuata mpaka barabarani, ikizidi kuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliiacha iite nyuma yake.

Alitafuta wiki mbili. Injini nzima zilizoshuka kweli na kontena zilikuwa na bei ya kweli, na nusu yake na nusu ya mzee zikiunganishwa hazikuifikia. Za bei ya chini alizipima. Mbili kati ya hizo zilikuwa na matundu manne yaliyozibwa. Hakutafuta tena rangi.

Magomeni hawakuweza kusubiri zaidi. Zena alianza kukaanga vitumbua mlangoni, na mkopo wa kununua bajaji alinyimwa. Jumamosi Mzee Hashimu akasema gari liuzwe kama lilivyo. Anayenunua magari kama yalivyo ni Athanas. Mzee akamwomba Filbert akamsemee bei, maana kwa mdomo Filbert hana mpinzani. Huo, mzee alisema, haujaungua.

Basi wakasimama wote wanne mbele ya lile gari, Athanas akilizunguka. Filbert akaanza kama kawaida. Akasifia bodi, akasifia viti, akasema mtungi peke yake una bei, akasema giaboksi haina tatizo. Athanas alisikiliza akitikisa kichwa. Kisha akafungua boneti, akaonyesha kwa kidole.

"Hiki ndicho kinachoniumiza, mdogo wangu. Kichwa kitupwe, sawa. Lakini hata hili bomba la hewa na hizi nozo siuzi. Wateja wameshajua. Wakiona nyekundu wanashusha bei. Zamani nilikuwa naziacha nukta kusudi zionekane, sasa namlipa mtu azikwangue."

Akataja bei yake.

Zena alimtazama Filbert. Mzee Hashimu pia alimtazama, anangoja arushe jibu. Filbert alifungua mdomo. Alikuwa na maneno. Hajawahi kukosa maneno. Alizitazama nukta zake nne, moja moja, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye mali ya mwenzake.

"Chukua," alisema.

Bei ya kwanza. Athanas mwenyewe alishtuka.

Mzee alipokea hela, akazitia kwenye mfuko wa kanzu bila kuzitazama. "Twende, Zena." Hakumpa Filbert mkono wala hakumlaani. Zena alivuta kitambaa kilichokuwa kikining'inia kwenye kioo cha ndani, cha manjano, akakikunja, wakaondoka kwa miguu kuelekea Mnazi Mmoja.

Filbert aliporudi gereji, mteja alikuwa anamngoja. Gari geni kwake, mtungi umeshafungwa asubuhi, imebaki kupima tu. Taa ya mafuta inawaka.

"Nenda sheli kwanza," Filbert alimwambia. "Jaza lita kumi za petroli ya kueleweka, lizunguke, halafu uje."

"Lita kumi? Nimefunga gesi ili ninunue petroli lita kumi?"

"Bila hiyo sipimi."

Yule mtu alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Kaka, fundi wa pale kona hana maringo hayo. Ana dumu lake, unamaliza dakika ishirini."

Akaliwasha gari likakohoa, akalirudisha nyuma hadi barabarani, akakata kona. Filbert alisikia injini ikizimwa pale mbele, halafu boneti ikifunguliwa. Kwenye ukuta wa gereji ya kona, baiskeli ya Mrisho ilikuwa imeegemezwa, madumu mawili nyuma, la tatu limeshashushwa.